Barafu ya Samaki na Sweta ya Buluu

Barafu ya samaki ina harufu yake, na anayesema barafu hainuki hajawahi kuishi Asembo Bay. Ilitufikia kutoka Kisumu ikiwa safi, nyeupe, imepondwapondwa, lakini ikishalala na samaki wetu wa mbuta kutwa nzima ilianza kunuka damu na magamba. Mimi nimelelewa ndani ya harufu hiyo. Mama yangu alikuwa mchuuzi wa samaki, na kazi yangu nikitoka shule ilikuwa kumwaga maji ya sanduku la barafu na kukwangua kilichoganda chini. Kilichoganda chini kilikuwa damu, tabaka jekundu lililokaribia weusi, gumu, ambalo nililigonga kwa kisigino cha ndara mpaka likaachia. Nayasema haya mapema nisije nikachekwa baadaye, kwa sababu yote yaliyonichanganya akili msimu ule yalianzia kwenye damu hiyo.

Kilikuwa kiangazi, kile cha kabla ya mvua za masika, wakati upepo wa ziwani unapokufa na mabati ya nyumba yanalia kwa joto. Dada yangu Awino alikuwa darasa la nane na mimi la nne. Awino alikimbia mita elfu tatu, tena alikimbia vizuri, hadi shule moja ya bweni ikaahidi kwamba akimaliza katika tatu bora kwenye mashindano ya Kisumu, itamchukua na kumsomesha. Nyumbani hapakuwa na mpango mwingine. Asipochukuliwa angebaki nasi kuparua samaki, na sote tulilijua hilo ingawa hakuna aliyelitamka. Mimi nilimwombea kila siku, na kusema kweli niliomba pia kwa ajili yangu, maana kitanda kilikuwa kimoja.

Shida ilikuwa kwamba watu wawili waliompenda Awino hawakuelewana hata kidogo juu ya mwili wake. Mwalimu Wafula, mwalimu wetu wa michezo, alishikilia kwamba mkimbiaji akipata joto apozwe. Alimfunga kitambaa chenye maji shingoni, akamshikisha vipande vya barafu viganjani kabla ya mazoezi na baada yake. Mama naye alishikilia kwamba mtu anayetoka jasho hafunuliwi wala haguswi na kitu baridi. Anafunikwa, anapewa chai ya moto, anasubiri mwili utulie wenyewe. Kwa hiyo kila jioni Awino akifika tu mlangoni alivishwa sweta ya buluu ya Mama, vifungo vyote mpaka kidevuni, na akaketi hapo akichuruzika jasho, kikombe mkononi, akinitazama kwa macho ya kuomba msaada. Mama hakuwa akijitungia mambo. Kaka yake aliwahi kutoka kulima jua likiwaka, akajirusha ziwani na jasho lake, akatolewa maiti. Mama alikuwepo ufuoni. "Damu yake iliganda," alikuwa akisema.

Sasa mimi ningefanya nini? Damu iliyoganda niliijua kuliko watoto wote wa darasa letu. Lakini pia nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba siku Awino alipopozwa shingo alikimbia mzunguko wa mwisho kama ndio wa kwanza, na siku barafu ilipokosekana aliburura miguu. Nilikuwa nikimshika mkono tukilala, nikibonyeza mishipa ya kifundo nione kama damu bado inatembea. Alinisukuma na kuniuliza kama nina wazimu. Siku Mwalimu Wafula alipokuja nyumbani kuomba barafu, Mama alikalia sanduku, akakunja mikono.

"Mwalimu, barafu ni ya samaki, na samaki ameshakufa," akasema. "Mtoto wangu amekufa?"

"Hajafa, Mama Awino. Lakini kwa jua hili atachemka."

"Basi acha achemke. Nimeona anayechemka akipona. Wa baridi sijaona."

Mwalimu aliondoka mikono mitupu. Nilikubaliana na Mama, kisha njiani nikienda kuchota maji nikakubaliana na Mwalimu, na niliporudi nilikuwa sikubaliani na mtu yeyote.

Siku ya mashindano Mama aliunganisha safari. Alipeleka samaki sokoni Kisumu asubuhi, kisha akaja uwanjani na sanduku lake lisilo na samaki tena, likiwa na barafu kidogo na lile gunia lililolowa ambalo wachuuzi wetu hufunika samaki jua lisiwapige. Mchujo ulikuwa asubuhi na fainali alasiri. Awino alifuzu akiwa wa pili, akaja kwetu akihema, na kwa kuwa Mwalimu Wafula alikuwa upande wa pili na wanafunzi wengine, Mama alimdaka wa kwanza. Sweta ikavaliwa. Chai ya chupa ikamiminwa. Hapakuwa na mti wala turubai, na jua lilitukalia utosini. Awino alilalamika mwanzoni, halafu akaacha. Aliacha pia kutoka jasho, na Mama akafurahi, akasema unaona, mwili umetulia. Mimi sikufurahi. Awino alikuwa ameniita kwa jina la nyanya yetu, na sasa alikuwa anauliza ni nani ameingiza ng'ombe uwanjani.

Nilimkimbilia Mwalimu, akaja mbio na ndoo ya maji. "Mvue hiyo sweta!" Mama akasimama kati yao, mikono wazi. Nilitaka kupiga kelele, ila sikujua nipige kelele ya upande gani. Ndoo ile niliiona kuwa ziwa zima, na mjomba wangu yumo ndani. Sweta ile niliiona kuwa chungu jikoni, na dada yangu yumo ndani. Mama aliweka kiganja shingoni mwa Awino, akakitoa haraka kama aliyeshika sufuria. Kisha akaanza kufungua vifungo. Ndoo hakuitaka. Alichukua gunia la samaki, bichi na baridi na harufu yake yote, akamtandikia Awino tangu kifuani hadi magotini, akang'oa kifuniko cha sanduku na kumpepea nacho, huku akilia na kusema kwa Kijaluo maneno ambayo hakuwa akituambia sisi. Mwalimu alichota maji kwa viganja akalilowesha gunia tena na tena. Awino alikuwa ameanza kuitikia jina lake mlio wa fainali uliposikika. Aliusikia vizuri. Alijaribu kuinuka, magoti yakakataa, na wasichana wengine wakaanza mbio bila yeye.

Nafasi ya shule ilikwenda kwa msichana wa Bondo. Awino aliparua samaki mwaka ule na uliofuata, na Mama akimsemesha alijibu "ndiyo" peke yake. Baadaye alirudi masomoni kwa njia ndefu, na leo ni mwalimu wa michezo, anakaa Mamboleo, kule Kisumu. Ndiye aliyenieleza kwamba ukikimbia kwenye joto, damu hugombaniwa: miguu inaitaka, na ngozi nayo inaitaka ili itoe joto nje, na moyo unapiga mbio kuzihudumia zote mbili. Ukiipoza ngozi, sehemu ya damu inarudi miguuni na moyo unapumua. Lakini ukimtupa mtu ghafla ndani ya maji baridi, mishipa ya ngozi hubana, pumzi hukatika, moyo hushtuka. Damu haigandi. Basi Mwalimu Wafula alisema kweli, na Mama naye aliona kitu cha kweli akakipa jina lisilo lake. Naelewa anapoeleza. Nikifika nyumbani nakuta bado sijui Mama angefanya nini kingine siku ile, yeye aliyemwona ndugu yake akitolewa majini.

Mama alipofariki tuligawana vitu vyake. Mimi nilichukua sufuria, Awino akachukua sweta, nikashangaa. Juzi nilimkuta akipanga mizigo, binti yake anakimbia wiki hii. Sanduku lake ni la magurudumu, barafu haina harufu yoyote, taulo nyeupe zimekunjwa zikapangika. Akalifunga. Akalifungua tena, akaingia chumbani, akatoka na ile sweta ya buluu.

"Wewe Mwalimu," nikamwambia, "na hiyo ni ya nini?"

Aliishika kwa muda, akivikagua vifungo kimoja kimoja.

"Sijui," akasema, akaiweka juu ya taulo na kufunga kifuniko.