Sauti ya Fundi, Uso wa Kijana

Nilihamishiwa Nachingwea kufundisha jiografia, na katika mizigo yangu lilikuwemo gitaa la besi ambalo sikutarajia kuligusa tena. Nilijifunza kulipiga kanisani kwetu Mbeya, nikaendelea kidogo nikiwa chuo cha ualimu, halafu kazi ikaja na gitaa likakaa nyuma ya kabati. Kilichonifanya nilitoe huko ni geti. Nyumba niliyopanga haikuwa na geti, nikaelekezwa kwa fundi wa kuchomelea aliyekuwa na karakana karibu na stendi. Nilipofika alikuwa amezima mashine, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anapiga gitaa la umeme lililounganishwa na spika ya redio. Sauti ilikuwa inakwaruza kama bati linalokatwa. Nilimuuliza kama spika ile ni mbovu.

"Ni mbovu," alisema. "Ndiyo maana naitumia."

Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, Mmwera wa Nanganga. Ujanani alifanya kibarua cha barabara, na mhandisi mmoja aliyekuwa anaondoka alimwachia gitaa na kanda za muziki wa roki. Maneno ya kwenye kanda hakuyaelewa hata moja. Alishika milio, akaitungia maneno yake ya Kiswahili, na mara nyingine ya Kimwera. Geti langu lilichelewa sana, lakini kabla halijakamilika nilikuwa nimeshaanza kumpigia besi. Dramu alipiga muuza vipuri vya pikipiki, mtu wa Njombe aliyekuja kufanya biashara akanogewa. Tulifanya mazoezi Jumapili kwenye stoo yake, kati ya matairi na makopo ya oili. Tukialikwa harusini, watu walituomba kwa adabu tupunguze sauti, kisha tupumzike, kisha waliweka muziki wa simu. Hatukuwalaumu. Ulikuwa muziki wa kelele, na sisi tuliupenda kwa kelele zake.

Mwongozaji wa filamu alitusikia kwa bahati. Alikuwa dada kutoka Dar es Salaam ambaye upande wa baba yake ni watu wa Ruangwa, na alikuja kutafuta mahali pa kupigia filamu. Kijana wa bodaboda aliyempeleka Chinongwe alikuwa na wimbo wetu kwenye simu, aliourekodi harusini, na aliupiga njia nzima. Siku iliyofuata dada yule alisimama mlangoni pa karakana na kumuuliza fundi kama ana nyimbo nyingine.

Filamu yake ilimhusu kijana anayerudi nyumbani baada ya kifo cha baba yake, anakuta ndugu wameshagawana shamba la mikorosho, na yeye ameachiwa gitaa tu. Dada hakutaka muziki uje kubandikwa mwishoni. Alitaka albamu irekodiwe kwanza, filamu ipigwe juu yake, na vyote viwili vitoke pamoja. Fundi alikaa na ile hadithi kwa wiki kadhaa. Nyimbo zilizotoka humo zilikuwa bora kuliko zote alizowahi kutunga, na nadhani alilijua hilo, kwa sababu aliacha kututania wakati wa mazoezi.

Ruangwa hatukupata studio inayoweza kubeba dramu, kwa hiyo tulipewa ghala la ufuta. Ulikuwa wakati wa mvua. Ufuta wenyewe ulikuwa bado shambani, ghala tupu, na mimi nilikuwa likizo. Tulitundika magunia ukutani, tukaegesha magodoro ya gesti moja pande zote za dramu. Mvua ikianza kupiga bati tulisimama na kusubiri. Umeme ukikatika tulisubiri pia. Fundi sauti aliyekuja na dada alikuwa mtu mpole anayetafuna karanga mfululizo, na hakuna kilichomkera. Magunia yalikuwa na vumbi, na vumbi lile liliingia kifuani mwa fundi wetu. Katika wimbo wa kumlilia baba, karibu na mwisho, alivuta pumzi ikakwama, akakohoa kidogo, akaendelea. Tulirudia wimbo ule mara nyingi. Kila alipouimba bila kukohoa ulikuwa safi na hauna uhai. Tuliuacha na kikohozi chake.

Tulipomaliza nusu ya albamu, dada alituita tukakaa nje ya ghala kwenye benchi. Alikuwa mtu wa kusema mambo moja kwa moja, lakini siku hiyo alianza kwa kuifuta miwani yake.

"Fundi, nyimbo zimenigusa kuliko nilivyotarajia," alisema. "Sasa kuna jambo nilipaswa kulisema mapema. Kwenye filamu hutaonekana. Ataonekana mwigizaji. Atafuatisha mdomo, sauti itakuwa yako."

Fundi alimtazama. "Uso wangu una nini?"

"Hauna kitu. Una miaka hamsini. Kijana wangu kwenye hadithi ana ishirini na tano."

Mpiga dramu alicheka, akaona amecheka peke yake. Fundi aligeukia barabarani. Lilikuwa linapita trekta lenye tela la mbao, na alilifuata kwa macho mpaka likaishia kwenye kona.

"Huyo kijana ameshapatikana?"

"Ameshapatikana."

"Mlete Nanganga kwa mama yangu. Akae. Kama atatumia sauti yangu, ajue inatoka wapi."

Mimi nilikasirika kuliko yeye. Niliporudi gesti nilimfuata dada, nikamwambia kwamba kuchukua sauti ya mtu na kuuacha uso wake ni jambo la ajabu. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu," alisema, "nikimweka yeye, itakuwa hadithi ya mzee anayedai urithi wa baba yake. Hiyo ni hadithi nyingine. Naweza kuipenda, lakini siyo niliyoiandika." Nilibaki na hasira isiyo na hoja.

Mwigizaji alikuja akiwa na begi la magurudumu ambalo halikuwa na faida yoyote kwenye udongo wa Nanganga. Watu walimfahamu kutokana na tamthilia za televisheni, na siku ya kwanza wasichana wa kijiji walipita mbele ya nyumba ile zaidi ya kawaida. Mama wa fundi hakuwa na televisheni. Yeye aliona mgeni tu, kijana mwembamba anayemsalimia shikamoo kwa sauti ya chini, akamwekea maji ya kuoga. Kiswahili chake mama kilikuwa cha sokoni, cha kuuliza bei na kuagana. Mengine yote alisema kwa Kimwera, na mwanawe akatafsiri, au hakutafsiri.

Nilikwenda kuwatembelea Jumamosi moja. Niliwakuta shambani kwenye palizi ya ufuta, fundi mbele, kijana nyuma yake, wote wawili na majembe. Fundi alikuwa anaimba na kijana anafungua mdomo bila kutoa sauti.

"Unachelewa," fundi alimwambia. "Wewe unasubiri neno. Usisubiri neno, subiri pumzi. Mimi nikivuta, na wewe vuta. Neno litakuja lenyewe."

Walirudia kipande kilekile mstari baada ya mstari wa shamba. Viganja vya kijana vilikuwa vimetoka malengelenge, amevifunga kwa kitambaa cha khanga ya mama. Jioni mama alikaa naye jikoni wakamenya mihogo, yeye akisema kwa Kimwera na kijana akijibu kwa Kiswahili, na sikuona kama kuna aliyepungukiwa. Nilikuwa nimekwenda nikitaka kumchukia. Nilirudi Nachingwea na mihogo waliyonifungia, nikiwa sina hakika ninachotaka.

Ugomvi wa kweli ulikuja wakati wa kupiga filamu. Dada alikuwa ameandika kwamba kijana anauimba wimbo wa baba kaburini, siku ya maziko, akiwa na gitaa. Fundi aliposikia alimfuata.

"Dada, huku watu wakizika wanasoma dua, wanarudi nyumbani. Hakuna anayepiga gitaa kaburini."

"Ni filamu, fundi."

"Filamu ya wapi?"

"Ya Ruangwa."

"Basi."

Lakini dada hakubadilisha. Alisema picha ile ndiyo iliyomfanya aandike hadithi nzima, na nadhani alisema kweli. Siku ilipofika tulikwenda Chinongwe, kwenye ukingo wa shamba la mikorosho ambako walikuwa wametengeneza kaburi la bandia, udongo umeinuliwa vizuri na mti umechomekwa kichwani. Kamera ilikuwa tayari. Watu wa kijiji walikuja kuangalia, na mama wa fundi naye aliletwa na gari la filamu, akaketi kwenye kiti cha plastiki. Alipoliona kaburi aliuliza jambo kwa Kimwera, jirani yake akamjibu, na mama akavuta mtandio kichwani.

Kijana alisimama mahali alipoonyeshwa, gitaa kifuani. Wimbo ulianza kwenye spika. Hakufungua mdomo. Ukarudishwa mwanzo. Hakufungua mdomo tena.

"Kuna tatizo?" dada aliuliza.

"Siwezi kuimba hapa," kijana alisema.

"Huimbi. Unafuatisha tu."

"Hata kufuatisha. Mama yule pale nimekula kwake mwezi mzima. Atanionaje?"

Wapiga picha waliinamia vifaa vyao kama watu wenye shughuli. Dada alikwenda kukaa kwenye kivuli cha gari, akanywa maji, akakaa muda mrefu peke yake. Niliona anafuta macho kwa kiganja, na sikujua kama ni jasho. Aliporudi aliuliza swali moja tu.

"Sasa aimbe wapi?"

Kijana alimtazama fundi, na fundi akajibu. "Shambani. Arobaini imeshapita, ndugu wameshaondoka. Anafyeka chini ya mikorosho peke yake. Huko mtu ataimba, na hakuna wa kumshangaa."

Ndivyo walivyofanya, wiki iliyofuata. Lakini wimbo wenyewe sasa ulikuwa mkubwa mno kwa mtu anayefyeka majani peke yake, na kabla ya siku hiyo ilibidi turudi ghalani kuurekodi upya. Ghala lilikuwa limeanza kupokea ufuta. Tulijibanza katikati ya magunia yaliyojaa, na sauti ikawa nzito na ya karibu, kama mtu anayekusemesha begani. Dramu ilitolewa. Mpiga dramu alikaa nje kwenye benchi akausikiliza wimbo ukirekodiwa bila yeye.

"Umekuwa mzuri zaidi," aliniambia nilipotoka, kisha akawasha pikipiki akaondoka bila kuaga mtu.

Filamu ilionyeshwa Ruangwa mchana, kwenye ukumbi wa sherehe ambao madirisha yake yalizibwa kwa turubai. Joto lilikuwa kali na watu walijipepea kwa chochote walichoshika. Mama wa fundi alikaa kati yangu na mwanawe. Alifuatilia kwa utulivu mpaka tulipofika kwenye mikorosho, kijana akaweka panga chini na kuanza kuimba. Hapo mama aligeuka. Alimtazama mwanawe aliyekaa pembeni yake amefunga mdomo, akatazama ukutani ambako sauti ya mwanawe ilikuwa inatoka kwenye mdomo mwingine, kisha akaweka kiganja chake juu ya kifua cha fundi na kukiacha hapo, kama anayetaka kuhakikisha. Fundi hakusogea. Ulipoisha wimbo, mama aliondoa mkono na kusema maneno machache.

"Anasemaje?" nilimnong'oneza fundi.

"Anasema kijana amekonda."

Nje watu walimzonga mwigizaji kupiga naye picha. Yeye alijipenyeza mpaka kwa mama, akapiga magoti, akamsalimia, na mama akamshika mashavu akiyakagua. Kisha umati ulimchukua tena. Juu ya jalada la albamu ni uso wake. Sisi watatu tuko upande wa nyuma, wadogo, jua liko nyuma yetu na hatutambuliki. Fundi alipoletewa nakala yake aliigeuza, akasogeza picha karibu na macho, akasema geti lililoonekana nyuma yetu lilihitaji rangi.

Nyimbo zile zimezagaa. Zinapigwa kwenye bodaboda, kwenye vibanda vya chipsi, na wanafunzi wangu huziimba wakifagia uwanja. Wanaziita nyimbo za yule kijana wa televisheni. Niliwahi kuwaeleza, wakanisikiliza kwa heshima wanayonipa ninapofundisha mikondo ya bahari, na sidhani kama waliniamini. Mteja mmoja aliyekuja karakana na wimbo ukilia mfukoni aliomba radhi, akapunguza sauti, akisema wazee hawapendi kelele hizi. Fundi alimwambia aiache tu, amezizoea.

Niliwahi kumuuliza waziwazi kama jambo lile lilimuuma. Tulikuwa stoo kwa mpiga dramu, ambaye alinuna msimu mzima kisha akarudi. Fundi alikuwa anakaza nyuzi.

"Liliniuma pale kwenye benchi," alisema. "Nilikuwa sijui kama nimeshafika hamsini. Mtu akiwa anapiga gitaa hajioni."

"Na baadaye?"

"Baadaye nilikuwa na kazi ya kumfundisha. Ukifundisha huna nafasi ya kuumwa. Wewe si mwalimu?"

Kwangu mimi haijawahi kuwa hivyo, lakini kila mtu na kazi yake. Siku hiyo alituletea wimbo mpya, wote kwa Kimwera tangu mwanzo mpaka mwisho. Alinionyesha mahali pa kuingia na besi na mahali pa kunyamaza. Nimeshaushika, naupiga bila kukosea. Unahusu nini bado hajasema, na mpiga dramu naye hajui. Jumapili ijayo tutaurudia.