Karte ya Feni Moja

Karte grafike ya mashine yangu ilikufa nikiwa katikati ya filamu ya harusi. Hiyo ndiyo kazi yangu: watu wa Mbunya wananiletea video za sherehe zao, nami ninazikata na kuziunganisha nyumbani. Kompyuta yangu inatumia Linux badala ya Windows, maana zamani flashi za wateja zilikuwa zikiniletea virusi kila mara.

Mume wangu ni dereva wa lori la Kampala. Nilimweleza kwa simu kwamba kile kifaa kinachotoa picha kwenye kioo kimeungua, naye akarudi na kingine kipya, amekifunga ndani ya koti lake kisigongwe njiani. Kilikuwa kikubwa, chenye feni mbili. Nilimshukuru kwa moyo wote.

Kumbe karte ile haikupatana na Linux. Programu ya kuiendesha ilibidi niivute kutoka kwa kiwanda chenyewe, na kwa mtandao wetu hiyo ni kazi ya kutwa nzima. Nilipofaulu, picha zilikuja. Kisha Linux ikajisasisha, kioo kikawa cheusi. Nikarekebisha, ikarudia vilevile. Kwenye simu nilisoma ushauri wa watumiaji wengine: tafuta karte ambayo programu yake tayari imo ndani ya Linux, hata kama ni ndogo. Lakini ningemwambiaje mtu aliyenibebea zawadi namna ile toka Kampala?

Yeye ndiye aliyeanza kuuliza, tukiwa tunakula.

"Mama watoto, naona hauko unasema na mimi muzuri. Nilikukosea?"

Nikamweleza yote. Akaweka kijiko chini, akashusha pumzi.

"Kumbe ni karte tu. Mimi nilikuwa naogopa ni mambo ingine. Nilichagula ile yenye feni mingi."

Kesho yake tukapanda moto, pikipiki ya abiria, mashine katikati yetu, mpaka kwa mama mmoja anayeuza vifaa vya kompyuta karibu na soko. Alikubali tubadilishane, na tujaribu kwanza. Akatoa karte ndogo ya kiwanda kingine, yenye feni moja, iliyokwisha kutumika. Alisema imekaa pale muda mrefu, kila anayeingia anataka kubwa. Nikaichomeka, nikawasha. Picha ikaja yenyewe, bila kutudai programu yoyote. Nikafungua filamu: bibi harusi akacheza kutoka mlangoni hadi kwenye kiti chake bila kukwama. Nikaisasisha Linux palepale kwa mtandao wa duka, nikazima, nikawasha tena huku nimeshika meza. Picha ikarudi.

Nikaketi juu ya katoni ya dukani. Mume wangu aliuliza kama shida imeisha. Nikamwambia imeisha. Akatoka kutafuta moto, nikamsikia akimwomba dereva aende polepole, bibi yake amebeba mashine.