Vipindi Vitatu, Fidla Moja

Wanaume wa baraza ya jirani yetu hapa Tibirinzi wamekigawa kikundi cha taarabu cha mume wangu mafungu matatu, kama nyama ya Idi kubwa. Kuna kipindi cha mwanzo, kuna kipindi cha kati, kuna kipindi cha mwisho. Kila baada ya alasiri, kahawa ikishamiminwa, mmoja huanza: taarabu ni ile ya mwanzo, hii ya sasa ni kelele tupu. Mwingine humrukia, kwamba bila ya kipindi cha kati kikundi kingekufa na kuzikwa. Wa tatu huapa kuwa sauti ya sasa ndiyo inayosikilizwa mpaka Maskati. Mimi hukaa ndani, karibu na dirisha, nachambua mchele, na nasema kweli wananichosha. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mimi, na mashati ya vipindi vyote vitatu nimeyapiga pasi mimi.

Basi na yaulizwe mashati. Kipindi cha mwanzo kilikuwa shati jeupe lenye wanga, tai nyeusi na koti la suti ambalo halikuwa na kazi nyingine duniani. Pasi ilikuwa ya mkaa, na cheche moja ilitosha kuniharibia wiki nzima. Niliolewa kikundi kikiwa tayari kina jina kisiwa kizima. Watu walishuka kutoka Makangale juu ya gari la magogo ili waje kusikiliza, wakalala kwa jamaa zao, wakarudi asubuhi. Wapigaji walikaa kwenye viti, wamenyooka kama wanaopigwa picha ya pasipoti, na hakuna aliyethubutu hata kutingisha kichwa. Wimbo mmoja waliufanyia mazoezi mpaka watoto wa mtaa mzima waujue kabla haujaimbwa hadharani. Mume wangu alikuwa akitoka ofisini kwao kilimo, anakula, anachukua fidla, anaingia chumbani, na kipande kile kile cha wimbo kinaniingia sikioni mpaka nakisikia nikiwa kisimani. Nilikuwa bi harusi mpya, nilitaraji kuzungumzishwa.

Lakini ilikuwa tamu, sitaficha. Kuna wimbo mmoja wa kipindi kile, wa mtu anayemsubiri mwenzake na chakula kinapoa, ambao fidla ilikuwa ikitangulia peke yake kabla ya sauti ya mwimbaji kuingia. Wanawake walikuwa wakinyamazisha watoto ili wasikie. Mimi nilikuwa nikikaa nyuma, na nikijitia hamnazo, lakini nilikuwa nikisikia kila kitu.

Kisha vikaja vyama vingi, na hicho ndicho wanachokiita kipindi cha kati, kana kwamba kilikuja chenyewe. Mtu asiyeishi Pemba miaka ile hawezi kuamini. Ndugu wa tumbo moja hawakuuziana sukari. Mtu alifiwa, na jirani yake akapita mbele ya mlango kama hakuona turubai. Harusi ilikuwa na watu wa upande mmoja tu, na pilau nyingi inabaki. Sasa hebu fikiria kikundi cha taarabu katikati ya hali hiyo, na kazi yake ni kwenda harusini.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa mashati. Yale meupe yalikwisha kuchakaa, wakataka kushona mapya ya rangi. Kijani, haiwezekani, watasema sisi wa huku. Buluu, watasema wa kule. Njano, hapana. Nyekundu, hapana. Hata nyeupe yenyewe ikatiliwa shaka. Wanaume wazima wakakaa kitako kwenye ukumbi wao wa mazoezi, hakuna anayegusa udi wala ngoma, wanazungumza vitambaa. Mwisho wakakata shauri kahawia, kwa kuwa hakuna chama kilichokuwa kinaitaka. Nilipomwona mume wangu amelivaa lile shati nilimwambia amefanana na mlinzi wa ghala. Hakucheka.

Ugomvi wa pili ndio uliowatenga. Sitaki hata kukumbuka nani alianza. Kila mmoja atakwambia ni mwenzake. Ninachokijua ni kwamba walipoamua kuachana, kila upande ulitaka vyombo na kila upande ulitaka jina. Na watu hawa, badala ya kukaa wakazungumza kama wapigaji muziki, wakaenda kumwita shehe anayejua mirathi. Ndiyo, mirathi. Kwetu vitu vikishindikana kugawanywa, anaitwa mtu wa mirathi, basi na wao wakaona hivyo hivyo.

Shehe alikuja, akakaribishwa kiti, akavitazama vile vyombo vilivyopangwa juu ya mkeka. Mume wangu alinihadithia mwenyewe, kwa unyonge.

"Marehemu ni nani?" shehe akauliza.

Wakatazamana.

"Basi mnagawa tereka ya nani, enyi waja wa Mungu?"

Mtu yeyote mwenye akili angeinuka hapo akaenda zake. Wao wakamshikilia, mpaka masikini ya Mungu akawagawia kwa thamani, nusu kwa nusu, kama viwanja. Akafanya haki kabisa. Kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, ikaenda kwa upande ambao hakuna hata mmoja anayejua kuigusa, na mpigaji wake akabaki upande wetu, mikono mitupu. Spika kubwa zikaja kwetu, mashine ya kuziendesha ikaenda kwao. Jina wakachukua wote. Fidla ilisalimika kwa sababu mume wangu aliapa kuwa ni yake, aliachiwa na mjomba wake, na shehe akamwamini.

Miaka ikapita hivyo. Kikundi kimoja, jina moja, nusu mbili, na hakuna nusu iliyokuwa na wimbo kamili. Mpigaji kanuni alikuwa akija kwetu kunywa chai na vidole vyake vinacheza juu ya meza yangu, huku kanuni yenyewe imekaa juu ya kabati huko Wete inaliwa na mende. Mwenye harusi alipotaka taarabu aliulizwa kwanza ni mtu wa wapi kwa siasa. Na mume wangu, ambaye siasa hakuijua wala haikumjua, akakosa harusi ya mtoto wa dada yake kwa kuwa ilikuwa "ya wale". Nilimwambia aende bila ya fidla, aende kama mjomba. Akasema watu watasema. Nilikasirika siku ile mpaka nikalala chumba cha watoto.

Hayo ndiyo wanayoyajadili barazani kwa kahawa, eti sauti ya kipindi cha kati ilikuwa na uchungu wa aina yake. Uchungu gani? Ilikuwa haina kanuni!

Wakubwa wa vyama walipopatana, na sisi wadogo tukaruhusiwa kuamkiana. Kikundi kikaungana tena, kile kilichobaki. Wengine walishafariki, wengine walishahamia Mombasa na Maskati. Akatokea mwanamume mmoja wa makamo, mpigaji kinanda, mjanja, mwenye simu mbili, akakifufua. Sina ubaya naye. Lakini kinanda chake kina kila kitu ndani: ngoma ndani, udi ndani, fidla ndani. Kabonyeza hapa, inalia fidla ya watu kumi. Mashati sasa ni ya kumetameta, yameshonwa Dar es Salaam, hayataki pasi ya moto, ukiigusisha tu yanayeyuka. Hicho ndicho kipindi cha mwisho.

Mume wangu hakuacha. Alikaa kwenye kiti chake pembeni ya jukwaa, na shati la kumetameta na mvi zake, na fidla begani. Hakuwekewa kipaza sauti. Mimi nilidhani wanamdharau, na ilinichoma. Siku moja ya Idi, ukumbini Chake, nilikaa ubavuni kabisa ili nimwone vizuri, nikitafuta la kwenda kumgombeza nalo yule wa kinanda. Nikamtazama mume wangu. Nikamtazama tena. Upinde ulikuwa ukienda na kurudi, mzuri, kwa mwendo wa wimbo, na haukuwa unagusa nyuzi.

Nyumbani nilimngoja avue viatu.

"Fidla yako leo haikulia," nikamwambia.

"Kinanda kina fidla ndani."

"Nakuuliza yako."

Akaweka mikono magotini. "Vidole vya nkono wa kushoto havishiki tena. Nikibonya hapa, sauti hutoka kule. Siwezi kuwaharibia watu nyimbo."

"Tangu lini?"

Akasema, "Usimwambie ntu."

"Si ukae nyumbani basi, kama hupigi?"

"Nikae nifanye nini?"

Nilitaka kupiga kelele. Nimesimama na pasi maisha yangu yote, sasa nampigia pasi mtu anayekwenda kukaa tu! Lakini nikalifikiri lile swali lake. Kazi alishastaafu, marafiki zake wengi wako makaburini, na kile kiti ndicho pahala pekee palipobaki ambapo watu wanamwita kwa kazi yake. Akiondolewa pale, nilijua, angekaa juu ya kitanda akatazama ukuta, na sisi tungekaa tukamtazama yeye.

Na walikuwa wanataka kumwondoa. Yule wa kinanda alishaanza kunizungukia, kwa adabu zote: "Bi mkubwa, unaonaje mzee akapumzika? Nafasi pale mbele tunaihitaji kwa wachezaji." Nikamwambia kuwa fidla ile ndiyo iliyompa jina analokula nalo, na siku akiiondoa watu watajua tofauti. Nilisema hivyo bila hata kupepesa macho, na nikarudi jikoni nimekasirika na wote wawili.

Kisha ikafika harusi ya binti yetu mdogo. Taarabu ilipigwa uani kwetu, baada ya alasiri, chini ya turubai, wanawake wamejaa mpaka ukutani. Wakwe walitoka Wete, watu wazito, kwenye safu ya mbele. Mimi mama wa bi harusi kazi yangu ilikuwa kupita na chano cha vyakula, kucheka na kila mtu na kunyamaza. Kikundi kikaanza, kinanda kikavuma, watoto wakaziba masikio.

Umeme ukakatika.

Kinanda kikafa katikati ya neno. Spika kimya. Ngoma zilizokuwa ndani ya mashine, kimya. Yule wa kinanda akabonyeza bonyeza, akamtuma mtu kutafuta petroli ya jenereta. Watu wakaanza kujipepea. Ndipo mama wa bwana harusi, mwanamke mkubwa mwenye sauti, akanyoosha mkono.

"Fidla haitaki umeme! Mzee yule pale! Atupigie ile ya zamani, ya chakula kinachopoa!"

Ua mzima ukaitikia kwa vigelegele. Yule wa kinanda akasogea pembeni, akafunga mikono kifuani. Sikuupenda mkao wake.

Mume wangu akasimama. Akaiweka fidla begani. Akanyanyua upinde, na upinde ukabaki juu, na nikaona vile vidole vya kushoto vinatafuta pa kukaa. Watu walikuwa wamenyamaza, hata watoto, kama walivyokuwa wakinyamaza zamani. Dakika moja zaidi na wakwe wote wangejua, na Pemba nzima ingejua kabla ya magharibi.

Nikaweka chano chini na nikaimba.

Sikuimba vizuri. Sijawahi kuimba mbele ya watu, na siku ile ndiyo siku ambayo mwanamke wa hali yangu hatakiwi kabisa kufungua mdomo wake hivyo mbele ya wakwe. Nilianza tu, kwa nguvu zote, pale pale ambapo mwimbaji huingia, na nikaruka mwanzo wote wa fidla. Dada yangu aliyekuwa mlangoni alinitazama kama nimepandwa na kitu. Kisha mkwe akaitikia. Akafuata jirani yake, wakafuata wengine, wakapiga makofi, mmoja akachukua sinia na kijiko, na ua wote ukawa ni kiitikio. Kikundi kizima kingepiga pale kisingesikika. Mume wangu akaushusha upinde na kuuendesha, kwenda na kurudi, amefumba macho. Tukauimba mpaka mwisho, tukaurudia, mpaka jenereta likanguruma.

Mkwe alinishika mikono yote miwili. "Bi mkubwa, fidla ile! Sijasikia tamu kama ile tangu usichana wangu."

"Alhamdulillahi," nikasema. Ningesema nini?

Barazani nako, wanaume ambao hawakuwapo wakakata kauli kuwa fidla ya harusi ile ilikuwa ya kipindi cha mwanzo hasa, na kwamba kinanda kimeumbuka. Yule wa kinanda alikuwapo na masikio yake yote, lakini hakubisha. Habari ya kiti haikuletwa tena.

Jioni ile, watu walipokwisha kutawanyika, nilimkuta mume wangu amekaa kwenye ngazi ya nyuma, shati amelifungua vifungo, fidla iko kwenye sanduku lake. Nikakaa. Miguu ilikuwa inaniwaka moto. Nikangoja neno. Sikutaka kubwa, hata ahsante ingenitosha.

"Sauti kuipandisha mno weye," akasema. "Nyimbo ile huanza chini."

Nusura nimpige konzi. Nikamwambia kama anajua sana, basi anioneshe inaanzia wapi. Akalitazama sanduku, hakulifungua. Akakohoa, akanisogelea kidogo, na ule mwanzo wote wa fidla, nilioruka, akaniimbia kwa mdomo.