Kitabu Tulichokianzia Mwisho

Wiki iliyopita nilirudi Mpanda kwa likizo, nikamkuta binti wa kaka yangu amejikunja kwenye kiti cha bibi, simu karibu na pua. Alikuwa anasoma manga, zile hadithi za picha za Kijapani. Alipomaliza sura akainua uso na kuniuliza, kama vile tulikuwa tunaongea tangu asubuhi: "Shangazi, wewe umezisoma nyingi. Nianze na zipi?"

Swali hilo huwa nalijibu kwa raha. Ila kuulizwa kutoka kwenye kiti kile kulinirudisha mbali. Kaa nikueleze, maana huenda na wewe unatafuta pa kuanzia.

Nyumba yetu iko Majengo, na jirani yetu wakati huo alikuwa mama aliyeuza mikoba ya mitumba. Akifungua robota, sisi watoto tulimsaidia kutoa makaratasi yaliyoshindiliwa ndani ya mikoba ili isibonyee. Karatasi nzuri alizinyoosha kwa kiganja na kuziweka kando za kufungia karanga, kwa sababu alikaanga karanga palepale, na harufu yake ilikaa hadi kwenye ngozi za mikoba. Siku moja, ndani ya begi la shule la mtoto tusiyemjua wa nchi tusiyoijua, vikatoka vitabu vinne vidogo vinene. Jirani akavipekua, akasema kurasa zake hata karanga kumi hazishiki, akanipa mimi kwa kuwa nilipenda kuchora.

Kimoja kilihusu wasichana wa mbio za kupokezana vijiti. Ukitaka manga itakayokuamsha ukafanye kitu, tafuta za michezo; hata kama hujui sheria zake, utajikuta unahema. Kingine kilikuwa cha mapishi, mzee na kibanda chake cha supu ya tambi, mvuke umechorwa vizuri kiasi kwamba kaka yangu alinusa ukurasa. Hizo soma ukiwa umeshiba. Cha tatu kilikuwa cha mapenzi ya shule, watoto wawili wanagawana mwavuli kitabu kizima bila kuambiana neno la maana. Zinahitaji subira, lakini zinakufundisha kutazama mikono ya watu na macho yao.

Cha nne kilikuwa na jalada jeusi. Hicho ndicho cha kutisha.

Vyote vilikuwa vya Kiingereza, na Kiingereza chetu kiliishia kwenye salamu, kwa hiyo tulisoma picha. Tulikifungua kama tulivyofungua daftari na kuanza. Nyumba imejaa watu wanakula. Kuna msichana wa umri wangu ana kalamu. Anamchora babu, na ukurasa unaofuata babu hayupo, sahani yake tu. Anamchora mama, mama hayupo. Mmoja baada ya mwingine, mpaka ukurasa wa mwisho, ambapo msichana amebaki peke yake mlangoni na ukungu unaingia ndani.

Nilikimaliza Jumamosi asubuhi. Na siku moja kabla, kwa kuiga michoro ile, nilikuwa nimemchora bibi.

Nilimchora nyuma ya daftari la hesabu, jembe begani, macho makubwa kama ya kwenye kitabu. Bibi ndiye aliyetulea. Msimu wa kilimo alihamia shambani Kasokola kama wengi walivyofanya, akilala kwenye kibanda cha nyasi ili nyani na nguruwe pori wasimalize mahindi. Mimi na kaka tulibaki mjini kwa ajili ya shule, chini ya jicho la jirani. Kila Jumamosi mchana bibi alirudi na viazi vitamu, mboga na maneno ya kutugombeza. Tulimsikia kabla ya kumwona, kwa sababu aliwasalimia watu kuanzia mwanzo wa mtaa.

Jumamosi ile mtaa ulinyamaza. Tukakaa kizingitini hadi jirani akafunika mikoba yake na turubai. Simu ya bibi haikupatikana. Jirani akasema betri imeisha, huko shambani atachajia wapi, nyie kuleni. Nilikula ugali kama natafuna pamba. Niliiona sahani ya bibi kwenye kichanja, safi, imefunikwa, nikaikumbuka ile ya babu kitabuni.

Jumapili nilikuwa nimeshajihukumu. Kaka aliyekuwa akinitania kila siku hakunitania, alinitazama tu na kusema, "Na mimi usinichore." Nikaona dawa ni moja. Nilichana ile picha, nikaitia kwenye jiko la mkaa chini ya sufuria ya maharage, nikaangalia uso wa bibi ukijikunja na kuwa mweusi kuanzia kwenye jembe. Nikasubiri sauti yake mtaani. Haikuja.

Jumatatu mwalimu wetu wa Kiingereza aliniona nimekiweka kitabu cheusi juu ya dawati na siutazami ubao. Alikuwa mpole, mtu wa kukaa chini kwenye dawati la mwanafunzi ili aongee naye. Nilimwambia yote. Hakucheka. Alikichukua kitabu, akakigeuza, akakifungua kutoka upande ambao mimi niliuona kuwa wa nyuma.

"Hivi vya Kijapani vinaanzia kulia," alisema. "Nyie mmesoma kinyume. Tazama hapa. Mwanzoni yuko peke yake, ukungu umewachukua watu wote. Anamchora mama, mama anarudi. Anamchora babu, babu anarudi. Anawarudisha kwa kuwachora."

Alidhani amenipa nafuu. Mimi nikalikumbuka jiko. Kama kuchora ndiko kunakorudisha, basi mimi nilikuwa nimemchoma.

Nilirudi nyumbani mbio, nikachukua penseli nimchore upya. Nataka unielewe vizuri, kwa sababu hii ndiyo hofu ninayoikumbuka kuliko zote. Sikuweza. Kila mstari ulitoa mwanamke mwingine. Nilikuwa nimeishi naye maisha yangu yote, na sikukumbuka alifunga kilemba chake fundo likiwa upande gani. Nilijaribu Jumatatu hadi usiku, na Jumanne baada ya shule nikajaribu tena, mpaka karatasi ikatoboka kwa kufutwa.

Halafu nikasikia mtu anasalimiwa mwanzo wa mtaa.

Alikuja kwa bodaboda, tope hadi magotini, kiroba cha viazi mapajani. Mto ulikuwa umejaa na kuondoka na magogo ya daraja. Alikaa ng'ambo siku tatu akisubiri maji yapungue. Nilimshika kiuno, nikamweleza huku nalia, kitabu, picha, jiko. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza nilimchora akifanya nini. Nikasema ana jembe.

"Hata kwenye karatasi mnanilimisha," alisema, akaenda kunawa miguu.

Fundo la kilemba lilikuwa upande wa kushoto. Niliangalia.

Bibi sasa amelala kaburini Kasokola, na daraja lile siku hizi ni la zege. Jirani alihama. Kitabu cha mapishi kiliishia kuepulia masufuria ya moto, cha mwavuli alikichukua kaka akampa msichana fulani na hakurudishiwa, na cheusi kililiwa na mchwa kuanzia upande ambao sisi tuliuita mwanzo. Ya bibi tunayo picha moja tu, ya kitambulisho, amekaza uso kama anayehojiwa.

Kwa hiyo nilimsimulia binti wa kaka yote haya, kisha nikamjibu hivi. Anza na za michezo, zikupe mwendo. Kisha za mapishi, kisha za mapenzi, na usizikimbie kimya zake. Za kutisha soma pia, ila mchana, na mtu awe karibu. Na kabla ya yote hakikisha unaanzia upande gani.

Akaweka simu chini, akanisogezea daftari lake na penseli. Akatoka kwenye kiti cha bibi ili nikae mimi.

Miaka yote hii nilikuwa sijajaribu tena kumchora bibi. Niliogopa atatoka mwanamke mwingine. Nilikaa, nikashika penseli. Nikaanza na fundo, upande wa kushoto.