Jicho la Geti Chini ya Balbu

"Lakini geti ya zamani haikuwa na macho, Baba. Ungeimwagia sam gunia nzima na bado ingefungwa, kwa sababu wewe ndiye ulikuwa unaisukuma."

Baba alikuwa amekataa kuamini kwamba sam ndizo zinazuia geti mpya kufungwa. Alikuwa amekaa kwa kitanda chake akivua gambuti, akasema hao wadudu wa ziwa walikuwa Kisumu kabla yeye azaliwe, na hajawahi sikia wamemshinda mtu geti. Nikimpelekea Madam, mwenye nyumba, hiyo hadithi, ataona tunamfanya mtoto.

"Mimi nimeona na macho yangu."

"Umeona wadudu. Kila mtu ameona wadudu."

Sikuwa hata na hasira. Nilikuwa nataka tu amalize kubisha.

Baba alikuwa amelinda hiyo nyumba ya Milimani miaka kumi na moja. Tulikuwa tunakaa wawili kwa chumba cha nyuma, Mama yuko nyumbani kwa shamba. Mimi nilikuwa nimemaliza form four, nangoja barua ya chuo, chuo yoyote, na nikingoja nafulia Madam nguo. Miaka hiyo ya tisini mwanzoni, geti ya kujifungua yenyewe ilikuwa kitu ya watu kusimama barabarani waangalie. Madam akaweka yake. Anabonyeza remoti akiwa kwa gari, chuma inateleza kando, anaingia, inarudi. Alimwambia Baba vizuri, bila kelele: mwisho wa mwezi kazi itaisha, lakini atamwandikia barua ya kumsifu, aipeleke shule fulani huko Mamboleo, walikuwa wanatafuta mtu wa geti. Kwa sasa awe analala usiku, geti inajilinda. Baba akasema asante. Hiyo barua ndiyo ilikuwa kila kitu. Mzee wa miaka yake, bila barua, hakuna mahali angepewa geti ingine.

Halafu mashine ikaanza kukataa, na ilikuwa jioni tu. Inafunguka vizuri, lakini ikirudi inatembea kidogo, inasimama, inafunguka tena. Baba anachukua ufunguo, anaachilia mota, anasukuma na mikono kama zamani. Kesho yake fundi anakuja saa nne asubuhi, na geti inafunguka na kufungwa kama imetoka dukani. Alikuja mara tatu. Aliangalia fyuzi, akapaka mnyororo grisi, akafagia mchanga kwa reli, akafungua boksi ya mota akafukuza mjusi ndani. Mara ya tatu alisimama akapangusa mikono.

"Madam, hii mashine haina makosa. Mchana inafanya kazi, jioni inakataa. Sasa jioni ni nani anakuwa hapa?" Akamgeukia Baba akicheka. "Mzee, si useme tu. Hii kitu haili ugali, haiombi ruhusa ya matanga. Hata mimi ningeichukia."

Baba akacheka pia. Alidhani ni mzaha. Madam hakucheka. Alisema, "Mambo ya barua tutaona," akaingia ndani.

Mimi nilikuwa naanika shuka. Nikamaliza kuanika. Nakumbuka nilipanga mpaka soksi mbili mbili, na ndani sikusikia kitu, kama mguu umeukalia mpaka umekufa ganzi.

Siku mbili baadaye sam zikatoka ziwani tena, wingu kama moshi, kutoka upande wa Dunga. Jioni taa zilipowashwa zikajaa kila mahali, mpaka kwa chai. Madam alifika kutoka mjini, akaingia na gari, geti ikakataa kufungwa nyuma yake. Aliiangalia. Akaangalia mlango wetu, Baba ako ndani anakula. Akaingia kwake.

Nikaenda mwenyewe. Kwa nguzo za geti kulikuwa na macho mbili, madogo, moja kila upande, zinaangaliana. Fundi alitueleza siku ya kwanza: katikati yao kunapita mwangaza huwezi kuuona, na kitu ikiukata, gari ama mtoto, geti inarudi isigonge. Jicho moja alikuwa ameliweka chini kabisa ya balbu ya nguzo. Balbu ilikuwa imevaa sam kama sweta. Zile zilizokufa zilikuwa zimeanguka zikanaswa kwa utando wa buibui, zimefunika kioo cha jicho chote.

Nikapangusa na leso. Nikabonyeza swichi ya ukutani. Geti ikafungwa. Nikaifungua, nikaziba jicho na mkono. Ikatembea kidogo, ikarudi. Nikatoa mkono, ikafungwa. Nilifanya hivyo mara nne, vile tulifundishwa kwa maabara, mtu asiseme ni bahati. Sikufurahi. Nilinusa mkono, unanuka samaki.

Sasa tulikuwa hapo kwa chumba tunabishana, na ndipo nilielewa kwa nini fundi hakuwahi kuona. Kila siku saa kumi na moja na nusu, kabla Madam aamke, Baba anaosha geti. Ndoo, kitambaa, sabuni ya unga. Anatoka nguzo hii mpaka ile, halafu anafagia wadudu wote anamwaga kwa maua. Miaka kumi na moja. Hayo macho ndiyo alikuwa anasugua zaidi, kwa sababu ni mapya. Ikifika saa nne hakuna kitu ya kuona.

"Kesho usioshe," nikamwambia.

"Nisioshe nini?"

"Geti. Iache hivyo hivyo, Madam aone."

Baba akaniangalia kama nimetukana. "Nimebakisha siku tisa. Unataka Madam aende kazi akipita kwa takataka?"

"Anafikiri umeharibu mashine yake!"

"Wacha afikirie. Lakini hawezi kusema niliacha geti chafu."

"Na barua, Baba?"

Akalala, akageukia ukuta. "Nyathina, mtoto wangu, zima taa."

Nikazima. Nje balbu ya geti ilikuwa inawaka, na ingewaka mpaka asubuhi, na sam zilikuwa bado zinakuja. Jicho lingefunikwa tena. Nikaamua. Nitaamka saa kumi na moja, kabla yake. Nitachukua ndoo, kitambaa na fagio, nifungie kwa chumba cha kufulia, ufunguo nifunge kwa leso. Halafu nitasimama kwa mlango wa jikoni mpaka Madam aje kuweka chai, nimwambie achukue remoti twende kwa geti saa hiyo hiyo, na slipa zake, kabla mtu apanguse kitu. Baba akitaka kunigombeza, atanigombeza baadaye.