Samaki Chini ya Blanketi

Nilipeleka kompyuta kwa fundi mjini Nyeri ili anitolee giza la bahari. Najua sentensi hiyo haisomeki vizuri, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mpwa wangu alikuwa ameniachia kompyuta yenye filamu za samaki, na kila nilipofungua moja niliona buluu nzito tu, kama dirisha la jikoni lililoshika moshi. Nikasema kioo kimekufa. Fundi akafungua video ya harusi ya mtu, ikang'aa.

"Mama, kompyuta iko sawa. Ni hiyo bahari yako imezima."

Nilimpigia mpwa wangu papo hapo. Alicheka mpaka nikaweka simu mbali na sikio. "Tata," akaniita, kama kwetu tunavyomwita shangazi, "huko chini ndiko kuko hivyo! Jua halifiki vizuri."

Anasomea mambo ya bahari huko pwani. Yeye na wenzake huteremsha kwa kamba fremu ya chuma yenye kamera na kikapu cha chambo, mpaka kwenye matumbawe ya chini sana, ambako mzamiaji wa kawaida hafiki. Filamu ikitoka, lazima ihesabiwe na watu wawili, kila mmoja kivyake. Hesabu zikiachana sana, sehemu hiyo inatupwa, na hakuna kupiga nyingine, maana mashua waliyoazimwa ilikuwa imesharudi kwa wenyewe. Mwenzake wa kuhesabu alipata kazi kwingine akaondoka. Ndipo akamkumbuka mtu pekee katika ukoo ambaye huwezi kumkosa nyumbani. Tangu nimalize kidato cha nne, safari zangu ni sokoni Gakindu, na Nyeri nikiugua. Kutus, mji wa jirani, ni hapo tu, lakini hapo tu ndipo sijafika.

Aliniambia nijifunike blanketi, kichwa pamoja na kompyuta, macho yazoee. Basi nikajifunika mchana kweupe, kuku wakinishangaa mlangoni. Mwanzoni buluu. Kisha buluu ikaanza kuwa na vitu. Matumbawe yalilala bapa, moja juu ya jingine kama chapati. Mpwa wangu alinieleza kwamba hujitandaza hivyo ili yakinge mwanga kidogo unaofika. Nikakumbuka miche yangu ya kahawa iliyo chini ya mti mkubwa, jinsi inavyotoa majani mapana. Kumbe hata huko, ambako hakuna anayepalilia, kuna kitu kinachokinga viganja kwa jua ambalo hakijawahi kuliona.

Halafu akaja chewa. Hakutokea upande wowote. Giza lenyewe lilinenepa likawa na mdomo. Alikuwa mkubwa kama ndama. Akaisogelea kamera, akanitazama, nami nikajikuta naliweka blanketi vizuri kifuani kama mtu aliyeingiliwa na mgeni. Nyuma yake kundi la wadogo wembamba liligeuka lote kwa pamoja, bila yeyote kuamrisha. Nikasahau kuhesabu. Nikarudisha filamu nyuma, nikasahau tena.

Nilipohesabu kweli, nilihesabu ninavyojua: kama ng'ombe wanaoingia josho. Kila kichwa kikipita, alama. Nikatuma hesabu kwa fahari.

Akapiga simu. "Tata, sikwambii mimi nimeona wangapi. Lakini umewahesabu vipi?"

Nikamweleza josho.

"Ng'ombe akitoka josho anaenda zake! Huyu samaki anazunguka na kurudi! Si nilikuambia usimamishe picha pale wanapoonekana wengi kwa pamoja, uhesabu hao tu?"

"Siku hiyo nilikuwa nakoroga uji."

Hakucheka. "Nikipoteza hiyo sehemu, Tata, sina nyingine. Tafadhali rudia."

Nikarudi chini ya blanketi, safari hii uji ukiungua wenyewe. Nikamwona chewa mwenye mkia uliopasuka. Akapita. Akapita tena. Ule umati wa chewa niliomtumia mtoto wa watu ulikuwa bwana huyu mmoja, akilizunguka kapu la chambo na kurudi kunitazama. Nilisimamisha picha, nikakaa naye. Siku zote nilizokuwa nikikama na kufagia, yeye alikuwa huko, kwenye mwanga mdogo kuliko wa chumba changu, naye hana mpango wa kwenda popote.

Nilituma hesabu mpya, yenye aibu zaidi na samaki wachache zaidi. Jibu lilikuwa halijafika jirani alipoingia kuchukua maziwa, akainua blanketi.

"Wee mama, uko mgonjwa?"

"Nahesabu samaki."

Akachungulia. Samaki aitwaye mkunga alikuwa anatoka shimoni, mrefu, mdomo wazi.

"Hiyo ni nyoka! Na ati watu hukula!" Lakini alikaa. Akavuta blanketi upande wake, na wanawake wazima wawili tukatazama buluu, mpaka simu ikalia.

"Tata, hesabu zetu zimelingana! Ile sehemu inabaki!"

Nilipiga vigelegele. Nikamwonyesha jirani yule chewa, nikamweleza jinsi ninavyomjua kwa mkia, nikarudia, nikaongeza chumvi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua chupa yake ya maziwa, na mlangoni akageuka.

"Wewe hata Kutus hujawahi fika, na hizo nyoka za baharini unazijua mpaka mkia. Sasa toka nje uangalie kama unajua hii ng'ombe iko kwa mahindi yangu ni ya nani."