Taa Iliyosingiziwa

Mwaka 1959, redio ya Bi Mwanapili wa Wingwi ilikuwa ikinyamaza kila ilipopata moto. Fundi Ame, aliyeitwa kutoka Wete kwa heshima zote, aliinyooshea kidole taa moja ya kioo iliyomo ndani, akasema imekufa. Mmanga Kificho, aliyejifunza ufundi peke yake pale kijijini, alikataa mbele ya watu.

"Ikiwa ni taa, naacha ufundi leo hii nishike jembe."

"Basi katafute jembe, bwana," Ame akamcheka.

Mmanga aliichomoa taa ile, akaipachika katika redio nzima aliyokuja nayo Ame mwenyewe. Saa nzima ikapita, redio inasema bila kukwama. Ndipo alipoirudisha taa mahali pake, akaiwasha redio, akagonga kiungo kimoja kimoja cha nyaya kwa mpini wa mwiko, mpaka akakipata kilichoikata sauti, lehemu yake imepasuka. Akakilehemu upya, na redio ya Bi Mwanapili ikasema hadi alasiri.

"Bahati tu," Ame akanung'unika.

"Niletee nyingine iliyokushinda, Fundi," akajibu Mmanga, "niibahatishe na hiyo."